Nguvu pekee hazimlindi shujaa wako

Ndugu yetu wa Mafinga, umeuliza kwa nini shujaa wako katika mchezo wa video wa Elden Ring, uliyempandishia nguvu hadi 50, anauawa kwa mapigo mawili tu. Nguvu huamua silaha anayoweza kuitumia sawasawa na huongeza makali ya pigo kwa kadiri ya herufi iliyoandikwa kwenye silaha hiyo, kuanzia E iliyo dhaifu hadi S iliyo bora kuliko zote. Damu yake, yaani kiasi cha mapigo anachoweza kustahimili kabla ya kufa, haziiongezi hata tone. Damu hutokana na sifa ya uhai (Vigor), ambayo binafsi ningeipandisha kwanza hadi 40, kwa kuwa baada ya hapo nyongeza huanza kupungua, na ukivuka 60 huwa ndogo mno. Tena, akishika silaha kwa mikono miwili, nguvu zake huhesabiwa mara moja na nusu, kwa hiyo panga linalodai 30 atalimudu akiwa na 20, na pointi 10 zilizobaki zingekwenda kwenye uhai. Wachezaji wengi wa hapa Mwanjelwa hulipuuza jambo hilo, kisha wanailaumu padi. Ukishamshinda Rennala, mmoja wa maadui wakuu wa mchezo huo, utaruhusiwa kuzigawa pointi upya, ingawa kila mara utalipia Larval Tear moja, kitu kinachopatikana ndani ya mchezo, nazo ni adimu.