Bibi kampa mtoto karatasi asome, mtoto kaitazama tu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4. Huu ni mwaka wa tatu nawasomesha nyumbani. Niliwatoa shule kwa sababu walimu hawakuwa na muda na mtoto mmoja mmoja. Nimejitolea kila kitu. Niliacha kazi, chumba cha wageni nikakifanya darasa, nina ratiba ukutani na kengele ya mkononi. Tunaanza saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na nafuata mtindo wa mwalimu wa Kiingereza, Charlotte Mason. Mwanangu wa kwanza ana kipaji cha ajabu, anasoma vitabu vya watu wazima na ananisaidia kumfundisha mdogo wake. Tatizo ni mume wangu. Ni seremala na hanisaidii chochote. Jioni akirudi, watoto wanamkimbilia karakana, anawapotezea muda na mbao mpaka giza linaingia. Mwezi uliopita mama yake alikuja kukaa nasi wiki mbili. Kwa kuwa ni mtu wa maneno, madaftari niliyafungia kabatini. Siku moja akampa wa pili karatasi ya dawa zake amsomee. Mtoto akaitazama tu. Kumbe alikuwa ananipima! Tangu siku hiyo mume wangu anasema muhula ujao watoto wanarudi shule, wote. Nimemweleza kwamba Ufini watoto huanza shule na miaka 7 na wanafanya vizuri, hataki kusikia. Je, nisimame kidete au niwachukue watoto niondoke? — Mama Mwalimu*

Marahaba, Mama Mwalimu. Pole kwa uchovu. Kusomesha watoto wa rika tatu, huku sufuria iko motoni na nguo ziko kwenye beseni, si mchezo, na anayedhani mama wa nyumbani anakaa bure ajaribu siku moja tu. Pole imeishia hapo, maana kuna mtoto wa miaka 8 anatusubiri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mume mkorofi na mama mkwe mchokozi, kama ulivyotaka niwaone. Mara ya pili niliwatafuta tena nisiwapate. Niliona mwanamume anayerudi kazini na jasho lake, watoto wakamkimbilia, naye akakaa nao mpaka giza. Niliona bibi mzee mwenye karatasi ya dawa. Mara ya tatu nikaanza kumtafuta huyo mtoto wa pili. Ukiacha umri wake, umemtaja mara mbili tu katika barua nzima: mara ya kwanza ni "mdogo wake", mara ya pili ni pale alipokuaibisha.

Wa kwanza tumejua anasoma vitabu vya watu wazima. Wa pili anapenda nini? Anacheka na nini? Hukusema. Umesema "niliwatoa shule", lakini piga hesabu nami: miaka miwili na kitu iliyopita huyu alikuwa na miaka mitano, akizidi sana sita. Hakuna shule ya maana uliyomtoa. Mwalimu wake wa kwanza ni wewe, na wa pili ni mkubwa wake. Kwa hiyo akishindwa kusoma, hatuna shule ya kulaumu.

Sasa hiyo karatasi. Wewe umesema mama mkwe alikuwa anakupima. Mimi pia ni mtu mzima, na nakwambia maandishi ya dawa ni madogo kama mayai ya chawa. Bibi akiwa na mjukuu wa miaka 8 ambaye mama yake ni mwalimu wa nyumba nzima, amwombe nani amsomee? Paka? Aliyefungia madaftari kabatini ndiye huona mtihani kila mahali. Na kama kweli alikuwa anapima, basi mkwe wako ana akili, maana kwa nusu dakika aligundua jambo ambalo wewe umeishi nalo miaka miwili bila kulitamka. Majina ya dawa hata mimi hunishinda, hilo nampa mtoto. Lakini katika karatasi ya namna hiyo neno "asubuhi" halikosekani, na "jioni" halikosekani.

Hayo madaftari yana nini, mwanangu? Najua yana nini. Ya mkubwa yamejaa. Ya wa pili yana kurasa tatu za irabu, kisha mwandiko wa mkubwa wake, kisha kurasa nyeupe. Kama nimekosea, yatoe kabatini uyapeleke mezani, mumeo ayafungue mbele yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kiswahili kina huruma kwa mwanafunzi. Kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto akizishika silabi, ba be bi bo bu, akajua kuziunganisha, anaweza kutamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Ndiyo maana mtoto wa miaka 8 aliyefundishwa silabi kila siku, na bado karatasi inamtazama naye anaitazama, hatuiti hali hiyo "atachangamka mwenyewe". Huenda haoni vizuri. Huenda hasikii vizuri, b na p kwake ni sauti moja. Huenda ana disleksia, ambapo ubongo hupata taabu kuoanisha herufi na sauti zake. Hali hiyo si uvivu wala ujinga, mara nyingi hutembea katika ukoo, na mtoto wa namna hiyo husaidika akipata mtu aliyesomea namna ya kumfundisha, tena mapema kuliko baadaye. Au huenda hakuna ugonjwa wowote, ila hakufundishwa. Lipi kati ya haya, wewe hujui, mimi sijui, na huyo mkubwa wa miaka 11 uliyemkabidhi chaki ndiyo kabisa.

Hilo la mkubwa limenikera kuliko yote. Yuko Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1806. Shule hakwenda. Baba yake alimfundisha nyumbani, Kigiriki akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na miaka 8, na alichojifunza akatakiwa awafundishe wadogo zake. Alipokuwa mtu mzima aliandika mwenyewe kwamba kazi hiyo hakuipenda, kwa sababu somo la mdogo lilipoharibika mwenye kubeba lawama alikuwa yeye. Kipaji alikuwa nacho, na dunia inalijua jina lake mpaka leo. Lakini alipofika miaka 20 aliangukiwa na huzuni nzito, akawa haoni raha katika lolote alilolelewa alipende. Wewe unayejivunia kipaji cha mwanao, mpumzishe. Huyo ni ndugu, usimfanye mwalimu msaidizi asiye na mshahara.

Halafu umeniletea Ufini. Mumeo hataki kusikia, mimi nimesikia. Ni kweli huko shule ya msingi huanza mwaka mtoto anapotimiza miaka 7. Ila kabla ya hapo, akiwa na miaka 6, anapitia darasa la awali, na tangu mwaka 2015 hilo ni la lazima. Na mwalimu wa darasa anayemkuta mbele ana shahada ya uzamili. Ukichukua Ufini, ichukue yote. Na wako ana 8, hana 7.

Na Charlotte Mason wako je? Yule mama wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923 alitaka masomo ya wadogo yawe mafupi, dakika 20 au chini ya hapo, kisha mtoto aseme kwa maneno yake alichokisikia, na mchana watoto wawe nje wakiangalia ndege na majani. Wewe unamkalisha mtoto kwa muda wa saa sita katika chumba cha wageni na kengele juu. Uliikimbia shule kwa sababu walimu hawakuwa na muda na mtoto mmoja mmoja, ukaibeba shule nzima ukaiingiza ndani, ratiba na kengele vyote vimo, na muda na mtoto mmoja mmoja ndio huo umekosekana tena.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na masomo ya nyumbani. Marekani majimbo yote 50 yanayaruhusu, Ujerumani hawayaruhusu, na pande zote mbili wametoka watu wenye akili na wametoka mbumbumbu. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto shuleni au kwingineko, lakini imeweka kipimo: elimu hiyo imfae mtoto kwa umri wake, uwezo wake na mahitaji maalumu aliyonayo. Mtoto huyu, huyu hapa. Kipimo hicho wa kwanza kwako anakipita. Wa pili hajapimwa na yeyote, isipokuwa bibi.

Tuje kwa mume "asiyesaidia chochote". Karakana unayoidharau nina hakika ndilo darasa pekee la nyumba hiyo ambalo watoto wanaliendea mbio. Jiulize huwa wanafanya nini mle. Mtu hakati mguu wa meza kwa kukisia. Anavuta tepu, anasoma sentimita na milimita, anaweka alama ya penseli, anagawa ubao kwa nne. Hesabu ya sehemu hiyo, mama. Robo ya ubao mtoto anaishika mkononi. Akikosea, hakuna anayemwekea alama nyekundu. Meza inasimama, inacheza, anaona mwenyewe mguu mmoja ni mfupi, anarudi kupima. Tena seremala huandika orodha: mbao ngapi, misumari ya inchi ngapi, gundi kiasi gani. Ningekuwa wewe, orodha hiyo ningeomba aiandike wa pili kila jioni, maneno matano tu, baba yake akimtajia polepole huku anapiga randa. Baba hataona kama ni somo, na mtoto pia hataona, ndiyo uzuri wake. Kumbe mna walimu wawili nyumbani, mmoja umemwita mpoteza muda.

Hapa ndipo ndoa zenu za siku hizi zinaponichosha. Mtu anaolewa, baada ya miaka kumi nyumba imegawanywa kama ofisi: hii idara yangu, hiyo idara yako, usiingie bila kubisha. Mke anaamua jambo kubwa, watoto watoke shule, yeye aache kazi, chumba kigeuzwe, kisha mume "anaelezwa". Akikubali anaitwa muungwana, akiuliza anaitwa kikwazo. Na wanaume nao hivyo hivyo, mtu ananunua kiwanja mkewe anasikia kwa jirani. Mnasikiliza watu wa kwenye simu msiowajua, wenye picha za watoto safi juu ya mikeka safi, na aliyelala kitanda kimoja nawe ndiye wa mwisho kuulizwa. Katika barua yako yote hakuna neno "tulikubaliana". Nimelitafuta. Kuna niliwatoa, niliacha, nikakifanya, nina, nafuata. Mtu akisimamisha jengo peke yake asishangae likianza kuinama akiwa peke yake chini yake.

Na kumpenda mtu si kujua kumfundisha. Marehemu mume wangu alinipenda, Mungu amrehemu, lakini alinifundisha kuendesha gari siku tatu, ya nne tukaacha kusemezana. Nilikuja kufundishwa na kijana mmoja mpole ambaye hakujali kama nitaiweza au nitagonga ukuta, nikaiweza kwa wiki mbili. Mume wangu hakuwa mbaya. Aliogopa sana kila nilipokanyaga breki, na hofu yake ikaingia miguuni mwangu. Mtoto wako naye anaona uso wako kila anapokwama kwenye neno. Nadhani anaogopa uso huo kuliko herufi.

Sasa umeuliza usimame kidete au uondoke na watoto. Uondoke uende wapi, na kosa la mumeo ni lipi? Kwamba anataka mwanawe ajue kusoma? Vua viatu ukae. Leo usiku watoto wakilala, fungua kabati, mpe madaftari, na useme maneno haya kabla hajayasema yeye: "Wa pili hasomi, nimejua siku nyingi, niliogopa." Usiongeze "lakini". Wiki hii mpelekeni akapimwe macho na masikio, wewe na baba yake, wote wawili. Kisha mtafuteni mtu anayejua shida za kusoma.

Mumeo naye namkemea kidogo, msomee hapa: hilo neno "wote" ulilisema kwa hasira. Watoto watatu si gunia moja. Wa pili aende shule yenye mwalimu mwenye subira, hata kwa muhula mmoja mtazame. Mkubwa aulizwe mwenyewe, ana miaka 11, ana mdomo. Akitaka kubaki nyumbani na vitabu vyake abaki, ila chaki arudishe. Na wewe kama ile kazi uliyoiacha bado unaiota usiku, sema. Nina wasiwasi kwamba hutaki watoto warudi shule kwa sababu hujui siku yako itajaa nini wakishaondoka, na hilo ni la kuzungumza na mumeo, usimtwishe mtoto.

Mama mkwe mpigie simu. Usimweleze mambo ya mbinu za ufundishaji. Muulize kama dawa anazinywa kwa wakati, umwambie mjukuu wake anajifunza ile karatasi na akija tena atamsomea. Mtoto akisikia hivyo ukiwa kwenye simu, atakuwa amepata sababu ya kusoma ambayo ratiba yako haikuwahi kumpa.

Hiyo kengele mpe wa miaka 4, akaipige nje.