Maswali ya Wasomaji: Fungua Ubavu wa Kesi Kabla Hujalipa

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Duka moja hapa mjini linauza kompyuta ya gemu iliyokwisha kuunganishwa: prosesa Core i9-14900K, kadi ya grafiki RTX 5080, RAM GB 32, SSD TB 2, pawasaplai wati 850. Wanasema ni mpya. Bei yake ni akiba yangu ya miaka miwili. Nikague nini kabla sijatoa hela?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Ndugu yetu, hongera kwa kujinyima muda wote huo. Ulivyovitaja ni vile vinavyoandikwa kwenye kibandiko, maana muuzaji anajua ndivyo mnunuzi anavyosoma. Gharama hubanwa kwenye visivyoandikwa. Omba kompyuta izimwe, ichomolewe, ubavu wa kesi ufunguliwe mbele yako. Wakikataa, ondoka na hela yako.

Anza na pawasaplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta. Neno "Gold" linaloandikwa juu yake halikuambii kama kifaa ni imara. Linasema tu kwamba umeme unaopotea kuwa joto ni kidogo. Soma jedwali lililobandikwa juu yake, tafuta mstari wa +12V, zidisha ampia kwa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 850 huonyesha ampia 70 hivi. Ukikuta 45, hizo ni wati 540, hata kama pembeni wameandika 850 kwa herufi kubwa. RTX 5080 inakula hadi wati 360, na prosesa hiyo ikikazwa inafika 253. Hizo tayari ni 613, na feni na diski bado. Pendelea iliyoandikwa ATX 3.0 au 3.1, kwa sababu imetengenezwa kuvumilia mruko wa ghafla wa umeme unaovutwa na kadi za sasa.

Sasa angalia plagi ya kadi, ile ndogo yenye pini 16. Iwe imezama kabisa, pasiwe na mwanya hata wa ukucha, na waya usikunjwe kabla ya sentimita 3.5 kutoka kwenye plagi. Wati 360 kwa volti 12 ni ampia 30 zinazogawanyika kwenye pini sita. Pini moja isipogusa vizuri, nyingine zinabebeshwa mzigo wake, zinapata moto, plastiki inayeyuka. Kwenye RTX 5090 yenye wati 575 hatari ni kubwa zaidi.

Prosesa uliyoitaja inahitaji umakini wa pekee. Prosesa nyingi za Intel Core za kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na 14, zilikuwa na kasoro ya kujipa volti nyingi kupita kiasi, zikaharibika polepole: gemu linajifunga, Windows inaganda. Intel ilitoa marekebisho Agosti 2024, namba 0x129, kisha 0x12B mwezi uliofuata. Yanaingia kupitia bayosi, yaani programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayoiamsha kompyuta. Kompyuta ikiwashwa tena, fungua programu ya bure HWiNFO, isome namba hiyo. Ikiwa ni ya zamani kuliko 0x12B, bayosi isasishwe kabla hujalipa. Fahamu pia kwamba marekebisho yanazuia, hayaponyi. Kama kompyuta ilikaa dukani ikiendesha gemu za maonyesho mwaka mzima kwa bayosi ya zamani, prosesa inaweza kuwa imeshaumia. Intel iliongeza waranti ya prosesa hizi kwa miaka miwili, lakini kwa kompyuta iliyouzwa nzima madai huanzia kwa aliyeiunganisha, kwa hiyo pata jina lake kwenye risiti. Kwa gemu tu, sisi tungechagua Ryzen 7 9800X3D: haina kasoro hiyo, haili umeme mwingi, na kwenye gemu inaishinda i9 hiyo.

RAM: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda Performance, kisha Memory. Unataka vipande viwili vya GB 16, si kimoja cha 32, kwa sababu kimoja kinakata njia ya data nusu. Kama vimeuzwa kwa kasi ya 6000 na unaona 4800, mipangilio ya XMP, inayoipa RAM kasi iliyouzwa nayo, haijawashwa kwenye bayosi. Hilo ni kazi ya dakika mbili, lisikukimbize.

Kadi ya grafiki ikaguliwe kwa programu ya GPU-Z. Iandike kumbukumbu ya GB 16 aina ya GDDR7, na ROP (vitengo vya kumalizia picha) 112. Mwanzoni mwa 2025 Nvidia ilikiri kwamba kadi chache za 5090, 5080 na 5070 Ti zilitoka kiwandani zikiwa na upungufu wa ROP 8. Ukisoma 104, hiyo irudi. Neno FAKE likitokea mbele ya jina la kadi, usibishane na mtu. SSD nayo ipimwe kwa programu ya CrystalDiskInfo: saa za kuwashwa ziwe chache. Zikiwa mamia, kompyuta si mpya.

Mwisho kabisa kompyuta ikazwe kwa kazi nzito. Programu ya kupima prosesa, Cinebench, dakika 10, kisha gemu zito nusu saa, HWiNFO ikiwa wazi. Kadi ikibaki chini ya nyuzi 80 ni nzuri. Prosesa hiyo ikigota 100 na kujipunguzia mwendo, kipozeo ni kidogo. Inataka cha maji chenye rejeta ya milimita 360. Na hapa wengi wanakosea: duka lina kiyoyozi nyuzi 22, wewe chumba chako cha bati kule Nyakato mchana kinafika 32. Ongeza nyuzi 10 kwenye kila ulichosoma.

SWALI: Ndugu yangu yuko Marekani, anataka kunitumia kompyuta ya gemu. Itafanya kazi kwa umeme wetu?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Mwambie asome pawasaplai kabla ya kufunga mzigo. Ikiandikwa 100–240V, haina shida. Ikiandikwa 115V pekee, au ina swichi nyekundu ya 115/230 iliyoachwa kwenye 115, ukiichomeka kwenye volti 230 italipuka palepale, na inaweza kuondoka na mazabodi. Waya wa Marekani usiutumie kwa adapta ya mtaani isiyo na ethi. Nunua waya wa plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13. Kadi kubwa ina zaidi ya kilo moja na nusu: ichomolewe, isafiri kwenye boksi lake. Ikiachwa ndani inaning'inia, na mitikisiko ya njiani inaweza kupasua soketi yake kwenye mazabodi. Ukiipokea, fungua upige picha kabla ya kuwasha.

SWALI: Nina kibanda cha gemu Nansio. Umeme unakatika, na jioni wale wadudu wa ziwani wanaingia hadi ndani ya kompyuta. UPS ya VA 1500 itatosha?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Usihesabu VA, hesabu wati. UPS nyingi za VA 1500 zinabeba wati 900, zinazotosha kompyuta moja kubwa na skrini yake kwa dakika chache tu: muda wa kuhifadhi na kuzima, si wa kumaliza mechi. Chukua inayotoa wimbi safi la sine, yaani umeme unaopanda na kushuka taratibu kama wa ukutani. Pawasaplai nzuri zikipewa wimbi la ngazi ngazi huweza kujizima umeme unapohamia kwenye betri, na mteja ataona UPS haina kazi.

Wadudu wanafuata mwanga. Zima taa za rangi za kesi kuanzia magharibi, na taa ya nje iweke mbali na mlango. Nunua kesi yenye wavu kwenye feni zote za kuingiza hewa, na feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa isivutwe kupitia matundu yasiyo na wavu. Msimu wa wadudu ng'oa wavu kila wiki, upige brashi. Mizoga ikishonana kwenye rejeta hewa haipiti, na ikilowa unyevu wa ziwa inagandamana na vumbi. Ukipuliza, shika feni kwa kidole isizunguke.

SWALI: Kompyuta ya aina hii itakula uniti ngapi za LUKU?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ikivuta wati 600 pamoja na skrini, kwa saa 4 kila siku, ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye daraja la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, friji na pasi vitakuvusha hapo, na uniti zitakazozidi utazinunua kwa bei ya juu. Kwenye gemu weka kikomo cha fremu (picha) 60 au 120 kwa sekunde kulingana na skrini yako. Kadi itaacha kuchora picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha, na wati zitashuka.