Anza na jukwaa, kalamu ifuate

Dada, umeuliza uanze na lipi: kwenda kuona maigizo mara kwa mara, au kuandika tamthilia yako, maana kazi ya benki inakumaliza. Usiyatenganishe hayo mawili. Uko Dar, kwa hiyo fuatilia ratiba ya kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni. Na Bagamoyo usiiache: TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) wanafundisha sanaa za jukwaani, na tamasha lao la kila mwaka lina ngoma na maigizo (tena ni safari ya basi tu).

Ukiwa ukumbini, mtazame mhusika ambaye hasemi. Mikono yake iko wapi mwenzake anapomdanganya? Usiku huohuo, kabla hujalala, andika ukurasa mmoja: watu wawili, chumba kimoja, kila mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hataki kukitoa. Kisha yasome mazungumzo kwa sauti. Ulimi ukikwama, mstari huo ufute, hata kama unaupenda.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo, ila isikuharakishe. Mwaka huu maliza onyesho moja linaloigizika, uwape rafiki zako walisome sebuleni kwako nawe ukisikiliza.