"Homoni zako zimeshuka hadi asilimia 32": mashine, makopo na plasta za dada

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 49, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mwaka jana hedhi yangu haieleweki: inaruka miezi miwili, ikirudi inakuja kwa fujo, siku tisa au kumi. Usiku naamka nimelowa jasho. Darasani joto linanipanda kutoka kifuani mpaka usoni, natafuta daftari la kujipepea huku watoto wananiangalia. Mwezi uliopita walikuja shuleni watu wa virutubisho na mashine yao. Nikashika kile chuma, karatasi ikatoka kwamba homoni zangu zimeshuka hadi asilimia 32. (Mwalimu mkuu wetu naye alishika, wakamkuta na tezi dume.) Nikanunua makopo matatu ya kubalansi homoni kwa Sh 360,000. Nimemaliza moja na kweli joto limepungua kidogo. Dada yangu aliyeko Leicester, Uingereza, anasema nimetapeliwa. Yeye anabandika plasta za homoni tangu alipotolewa kizazi, na anataka kunitumia. Wifi yangu ambaye ni nesi anasema homoni ni kansa. Nimsikilize nani? Na je, nikapime homoni hospitali? – Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na plasta, kwa sababu kati ya vyote ulivyotaja ndiyo dawa ya kweli, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoweza kukudhuru.

Dada yako hana kizazi. Wewe unacho. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa plasta yenye estrojeni, homoni ya kike, peke yake. Ukiibandika wewe, ile estrojeni itaukuza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, ule unaomeguka na kutoka kama hedhi, na hakutakuwa na kitu cha kuuzuia. Ukiachwa ukue hivyo mwaka baada ya mwaka, unaweza kugeuka saratani. Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, aliwatangazia wanawake wa Marekani kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na estrojeni ndiyo dawa ya kubaki kijana. Vidonge vilinunuliwa kama karanga. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi imeongezeka kwa watumiaji, na baadaye ikaja kujulikana kwamba Wilson alikuwa akipokea fedha za watengenezaji wa vidonge hivyo. Nakutajia haya usije ukadhani maneno matamu ni ya wauza makopo tu. Sisi wa makoti meupe tulitangulia.

Tangu wakati huo mwenye kizazi akipewa estrojeni huongezewa projesteroni, homoni nyingine ya kike, ya kumeza au ya kitanzi chenye homoni, ili ukuta ule usinenepe. Kwa hiyo mshukuru dada, plasta abaki nazo.

Wifi yako hajazusha. Amebaki tu mwaka 2002. Mwaka huo utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha tawi lake lenye wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wakipewa estrojeni na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) au vidonge visivyo na dawa. Magazeti yakaandika "homoni zaleta kansa" na wanawake wakamwaga vidonge chooni. Tazama namba zenyewe: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 kwenye kundi la dawa na 30 kwenye kundi lisilo na dawa. Wanane zaidi. Kiharusi nacho kiliongezeka kwa kiasi cha namna hiyo, na damu kuganda kwa zaidi ya hapo. Mifupa ya nyonga kuvunjika kukapungua. Hatari ipo, ila ni ya kupimwa dhidi ya usiku wako usio na usingizi.

Tena wale wanawake kwa wastani walikuwa na miaka 63. Wengi wao hedhi ilishakoma zamani, na mishipa yao si kama ya mtu wa 49. Dawa yenyewe ilikuwa estrojeni inayotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, ikichanganywa na medroksiprojesteroni, ile ile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. (Huwa nacheka kimoyomoyo mama anaponiambia homoni ni sumu, kumbe kachoma sindano hiyo miaka minane.) Leo ushauri uliopo ni huu: mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, dalili zinamsumbua kweli na hana vizuizi, kwa kawaida faida ya homoni inazidi hatari. Vizuizi ni kama saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ini lililoharibika, au damu ya ukeni isiyojulikana inatoka wapi. Homoni zinatibu joto na jasho kuliko kitu kingine chochote, na zinalinda mifupa. Dada akikwambia kila mwanamke azitumie ili asisahau au asizeeke, hapo naye ameshaingia kwenye matangazo.

Sasa mashine. Asilimia 32 ya nini? Homoni hupimwa kwenye damu na majibu huja kwa vipimo vyake, kila maabara na viwango vyake vya kawaida. Hakuna "asilimia ya homoni". Kile chuma kinachoweza kuhisi ni namna umeme mdogo unavyopita kwenye ngozi ya kiganja, na hiyo hubadilika ukitoka jasho. Kumbuka kabla hujashika walikuuliza jina, umri, jinsia, uzito na urefu. Mwanamke wa miaka 49 anajipepea kwa daftari: hata konda wa daladala angejua homoni zinashuka. Mgonjwa wangu mmoja aliniletea karatasi kama yako, imepigwa rangi nyekundu na kijani, inasema kizazi chake "kina sumu, kinahitaji kusafishwa". Kizazi hicho kilishatolewa kwa upasuaji miaka mingi nyuma. Nilihisi kovu lake kwa vidole vyangu.

Hata hivyo sikutumi maabara ukapime homoni. Katika kipindi hiki cha mpito FSH (homoni ya ubongo inayoamsha vifuko vya mayai) na estrojeni hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Leo FSH iko juu, wiki ijayo imerudi kawaida, na zote mbili ni kweli. Mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye hedhi inayoruka na vipindi vya joto hahitaji kipimo hicho. Tunakihitaji kwa aliye chini ya 40, au wa 40 na kitu ambaye picha yake haieleweki. Na tunapokutibu hatufukuzi namba fulani ya homoni. Tunauliza: unalala? Joto limepungua? Neno hili la "kubalansi" linanichosha, maana hakuna mizani ya kurudisha. Vifuko vya mayai vinastaafu, na homoni zake kushuka ndiyo kawaida ya umri huo.

Unaniambia kopo la kwanza limekusaidia, na nakuamini. Lakini majaribio ya dawa za joto yalipojumlishwa pamoja, wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote nao walipungukiwa vipindi vya joto kwa zaidi ya nusu. Dalili hizi huja na kuondoka zenyewe, na mtu huanza tiba siku zikiwa mbaya kabisa. Ndiyo maana shuhuda za WhatsApp zinaweza kuwa za kweli na bado zisithibitishe kitu. Soma lebo ya kopo lako: nyingi huorodhesha mimea kumi na kitu kwenye "mchanganyiko maalumu" bila kusema kila mmoja ni miligramu ngapi. Wanapenda pia kuandika kiazi kikuu cha porini, eti kina projesteroni ya asili. Hadithi hii ina mzizi. Miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya aina hiyo huko Mexico. Alifanya hivyo maabara, kwa kemikali, hatua moja baada ya nyingine, na mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuzipita hatua hizo. Ukila kiazi au ukijipaka, unabaki na kiazi.

Kinachonihangaisha zaidi kwenye barua yako hukukiuliza: damu ya siku tisa au kumi inayokuja kwa fujo. Nenda hospitali ukapimwe wingi wa damu, presha, na ultrasaundi ya nyonga, maana uvimbe wa kizazi uko mwingi katika umri huu. Omba na kipimo cha shingo ya kizazi kwa siki kama hujafanya. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Wapime na mimba, usicheke, kwa sababu hedhi inayoruka bado inaruhusu mtoto, na homoni za kutibu joto hazizuii mimba. Na kama jasho la usiku linaambatana na kupungua uzito au kikohozi cha wiki mbili, kifua kikuu na VVU vinatangulia kupimwa. Hayo yakishakaa sawa ndipo mzungumze tiba na daktari. Ukikutwa na kizuizi, zipo dawa zisizo na homoni, baadhi zikiwa zile za sonona au za maumivu ya neva kwa dozi yake, zinazopunguza joto. Na kama tatizo ni ukavu ukeni, krimu ya estrojeni ya dozi ndogo hufanya kazi pale pale na ni kidogo sana inayoingia kwenye damu.

Makopo mawili yaliyobaki, kama hayajafunguliwa, yarudishe udai pesa yako. Yaliyofunguliwa mpelekee mfamasia pamoja na dawa zozote unazomeza. Na wakija tena shuleni, mwombeni mwalimu mkuu ashike chuma mara ya pili, ila safari hii mjaze kwamba ni mwanamke wa miaka 49. Kisha msome karatasi inasema nini kuhusu kizazi chake.