Mteja amepunguza deni? Invoisi usiiguse

Mkuu, umesema mteja kachukua mzigo wa milioni 4.8, kakulipa milioni 1.5 kupunguza deni, sasa unataka uibadilishe invoisi kwenye programu ya hesabu isomeke milioni 3.3. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, ikaniponza.

Niko Masasi, nauza mabati, saruji na nondo. Wateja wangu wengi ni wakulima wa korosho. Mzigo wanabeba Juni au Julai, hela inaanza kuonekana minada ikifunguliwa Oktoba, tena inaingia benki kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kadiri korosho zao zinavyouzwa. Kwa hiyo kulipa kidogokidogo ndiyo kawaida yetu. Msimu wangu wa kwanza na programu, kila aliyepunguza deni nilifungua invoisi yake, nikafuta jumla, nikaandika salio. Desemba akaja mzee mmoja kutoka Newala, karatasi kaikunja mara nne mfukoni mwa shati: 6,200,000. Kwangu kwenye skrini: 2,700,000, wala hakuna tarehe hata moja ya malipo. Yeye anasema kalipa mara tatu, mimi sina cha kumwonyesha. Tulikaa barazani hadi magharibi tukisoma meseji za simu yake mojamoja. Isitoshe, mauzo ya Juni yalikuwa yamepungua kwenye programu, wakati risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ilitoka kwa jumla yote na VAT ya asilimia 18 nilishaipeleka.

Iache invoisi yako na 4,800,000 yake. Ifungue, nenda sehemu ya kupokea malipo, weka 1,500,000, tarehe aliyolipa, njia aliyolipia na namba ya muamala. Salio la 3,300,000 programu italipiga yenyewe. Akija tena, unarudia hapohapo. Hela hiyo usiiingize kama mauzo mapya, utahesabu mzigo uleule mara mbili.

Akiwa na invoisi tatu, muulize analipia ipi kabla hujahifadhi. Malipo yasiyounganishwa na invoisi yanakaa kama akiba ya mteja, na invoisi inaendelea kusoma deni lote. Utampigia mtu simu ya kumdai wakati keshalipa, na huku tunajuana wote, aibu hiyo haifutiki upesi.

Kama kalipa kwa lipa namba na mtandao ukakata makato yake, deni linapungua kwa 1,500,000 kamili. Makato ni matumizi yako, mteja hayamhusu. Ukiuzia halmashauri, ile asilimia 2 ya kodi ya zuio iandike kama kodi iliyokatwa na utunze cheti chake, vinginevyo invoisi itabaki wazi miaka yote.

Zile ulizokwisha kuzibadilisha, zirudishe kwenye jumla iliyo kwenye risiti ya EFD, kisha ingiza malipo mojamoja kwa tarehe zake halisi. Anza na waliolipa kwa simu, meseji zipo. Waliolipa taslimu wapigie sasa, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.