Inavuta kilomita ngapi?

SWALI: Fundi, salamu. Nilinunua darubini mjini, imeandikwa 30x60, kwa shilingi 3,500. Nikiwa mlangoni pa duka nilisoma vibao vya ng'ambo ya barabara bila shida. Juzi jioni nikaenda nayo Nairobi National Park. Simba niliowaona kwa macho, nikiwatazama kwa darubini wanageuka kivuli tu. Picha inatetemeka, na baada ya muda kichwa kinauma. Fundi wa simu hapa mtaani anasema ataifungua, asugue lenzi kwa dawa ya meno na kuipanga upya. Nimruhusu, au nitafute inayovuta kilomita nyingi zaidi? – Msomaji, Rongai

JIBU: Usimruhusu. Na hayo mambo ya kilomita yaache kabisa.

Hilo la kilomita ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linanichosha. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi kutoka hapa, na unauona bila kifaa chochote. Darubini haipimwi kwa kilomita. Muuzaji anayekwambia "hii inavuta kumi" ameitunga hiyo kumi ukiwa umesimama mbele yake.

Chukua nambari zako mwenyewe: ya kwanza ni mara ngapi picha inakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 60 ugawanye kwa 30. Unapata 2. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kwenye darubini na kuingia jichoni. Mchana wa jua kali mboni imejibana hadi milimita mbili au tatu, kwa hiyo pale mlangoni hukuweza kugundua kasoro yoyote. Jua likizama mboni inapanuka, kwa wengi hufika 5, kwa kijana hata 7, lakini darubini inaendelea kukupa zile 2. Ndipo simba anageuka kivuli. Yenye 8x42 hutoa zaidi ya 5, ingawa nambari yake ya kwanza haimvutii mnunuzi.

Wanaowinda kulungu Ulaya wanalijua hili vizuri. Kulungu hutoka alfajiri na magharibi, kwa hiyo lenzi ya bunduki au darubini hujaribiwa saa hizo, porini, wala si saa sita mchana kaunta ya duka. Wajerumani wamependa 8x56 kwa sababu hiyo hiyo: gawanya, utapata 7 kamili. Sisi tulipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini simba wetu hawakubadilisha saa zao za kutoka.

Kutetemeka hakuna siri. Ukuzaji ukizidi 10 mikono ya binadamu haitoshi, unahitaji stendi.

Ila nina shaka kama hiyo 30 ni ya kweli. Shika darubini mbali na uso, ielekeze angani (si kwenye jua, kamwe), utaona kiduara cheupe katikati ya lenzi ya upande wa jicho. Kipime kwa rula. Kisha pima kioo cha mbele, kioo chenyewe bila fremu. Gawanya kikubwa kwa kidogo. Kama kioo ni milimita 24 na kiduara ni 3, basi umeuziwa 8 iliyobandikwa 30. Ni makadirio, maana nyingine zina pete ndani inayoziba mwanga, lakini uongo mkubwa kiasi hiki hujitokeza tu. Kiduara kikiwa na kingo zilizokatwa badala ya kuwa mviringo, prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza njia ya mwanga, ni za bei ya chini.

Sasa kichwa. Hili ndilo ningetaka ulichukulie kwa uzito, kwa sababu watu hudhani ni macho yao na kukimbilia miwani. Weka darubini imara ukutani au juu ya meza, tazama ukingo wa paa la mbali. Ziba upande mmoja kwa sekunde chache kisha ufungue ghafla. Ukiona paa mbili, moja juu ya nyingine, kisha zinavutana kuwa moja, pande hizo mbili hazitazami mahali pamoja. Macho yetu huvumilia kidogo tofauti ya kushoto na kulia, lakini ya juu na chini karibu hayaivumilii. Misuli inalazimisha picha ziungane, na wewe unalipa kwa maumivu ya kichwa.

Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kusogeza prizimu nywele kwa nywele, mbele ya kifaa maalumu cha kulinganisha. Fundi wa simu hana kifaa hicho. Nimepokea darubini nyingi zilizopitia mikono ya namna hiyo: prizimu zimegandishwa kwa gundi ya viatu, alama za vidole zimefungiwa ndani. Na dawa ya meno! Juu ya lenzi kuna tabaka la kupunguza mng'ao, jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Msuguo wa kwanza unaanza kulila, na haliwezi kurudishwa mtaani.

Jihadharini pia, nyote, na zile zenye vioo vyekundu kama taa ya breki zinazouzwa kuwa "za kuona usiku". Wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kukufikia. Usiku zinakuwa mbaya zaidi. Tabaka zuri huonekana hafifu, kijani au zambarau, na kioo karibu kipotee ukikitazama.

Anayetaka kununua amwombe muuzaji atoke naye nje saa kumi na mbili na nusu jioni, aielekeze darubini kwenye kivuli kilicho chini ya mti, kisha kwenye tawi lililo mbele ya anga kuona kama lina ukingo wa zambarau, dalili ya lenzi duni. Au ahudhurie matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, shirika la wapenda mazingira, Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, aombe kwa heshima kutazama kwa darubini za wenzake kabla ya kutoa pesa.

Yako, kama paa ni moja, itakufaa mpirani mchana. Kama ni mbili, irudishe na risiti wiki hii, kabla skrubu yoyote haijaguswa. Ikishafunguliwa, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu.