Kwa mnaoanza bustani za nyasi za asili Dodoma

Mteja wa Dodoma akisema anataka bustani, mara nyingi anawaza ukoka wa kijani mwaka mzima. Usibishane naye, mpigie hesabu ya maji. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka, kisha miezi saba ya jua na upepo. Akishaiona bili, ndipo umzungumzie nyasi za porini.

Anza na aina chache. Themeda triandra, ile inayogeuka rangi ya kutu ikikauka, kwangu mimi haina mpinzani kwa uzuri, ila kitaluni ina maringo. Cenchrus ciliaris, yenye masuke ya manyoya, haisumbui. Melinis repens huchanua waridi lakini haidumu, basi iwe ya kujazia tu.

Wengi huvuna mbegu leo, kesho wakazisia, halafu wanalaumu udongo. Mbegu mpya za Themeda na Cenchrus hulala kwanza. Zihifadhi pakavu, kwenye mfuko wa karatasi, mpaka msimu unaofuata. Themeda ina unywele mrefu mweusi mwishoni mwa mbegu. Iweke kwenye kiganja kilicholowa, utauona unajisokota taratibu: hivyo ndivyo inavyojichimbia ardhini. Kwa hiyo usiukate, wala usifukie mbegu chini sana. Kwarua udongo kwa reki, inatosha. Ukiwa na haraka, gawanya mashina yaliyokomaa mvua zikishashika, kila kipande kiwe na mizizi yake.

Msimu wa kwanza mwagilia mara chache, lakini maji yazame. Kunyunyiza kidogo kila jioni huibakiza mizizi juu juu, na kiangazi kitaikuta hapo. Zikishashika vizuri, acha kumwagilia. Samadi nayo weka kando: nyasi zikinenepa hulala kwa upepo, utaishia kuzifunga kamba.

Agosti mteja atakupigia simu kwamba bustani imekufa. Mwambie habari hiyo siku ya makubaliano, kabla hajalipa, kwamba miezi kadhaa itakuwa ya njano na kahawia. Akikuita, pasua shina kwa vidole. Ukikuta weupe wenye ubichi chini, lipo hai. Likingoka lote bila kukaza, tafuta mchwa. Matandazo ya majani makavu yasigusane na shina, hasa kwenye udongo huu mwekundu.

Fyeka mara moja kwa mwaka, Novemba, kabla ya mvua, ukiacha sentimita 10 hadi 15. Ukichelewa hadi machipukizi yatoke, utayakata pamoja na makavu.

Na kabla hujachimba shimo lolote, uliza takataka zinachomewa wapi na jiko la mkaa linakaa upande gani. Nyasi kavu za urefu wa kiuno hazipandwi hapo, hata mwenye nyumba akizililia.